Kwa Zuwena, kuhusu kanzu na milango

Ngamiani, Tanga
Usiku wa kuamkia Ijumaa

Shoga yangu Zuwena,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, Baba hajambo ila macho, watoto wa Mwanahawa wamepona tetekuwanga, na bei ya nazi usiniulize. Ukimya wangu unisamehe. Wako nimeshausamehe, basi tumelipana. Mwaka na miezi minne, shoga, na kinachonifikia kutoka kwako ni yale maua ya waridi ya kila Ijumaa kwenye simu. Maua si barua. Naandika kwenye karatasi kwa kuwa mkwe wa Bi Tatu anapanda ndege kuja huko Maskati Jumanne, na mengine nikiandika kwenye simu nachoka vidole kabla sijachoka moyo.

Nimegombana na Maalimu.

Tulia. Si kugombana kwa kupaziana sauti, unanijua na unamjua. Aliniita barazani kwake Jumapili baada ya Laasiri, akanipa kahawa, akaniuliza Baba, akakuuliza na wewe (nikasema hujambo, na kama ni uongo dhambi yako), halafu akaweka kikombe chini akasema: "Binti yangu, nasikia unawafundisha akina mama kuipima Qurani kwa futi ya fundi cherehani."

Sasa ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana ukilisikia kwa Mwanakombo utalisikia lina mkia na pembe.

Tangu Mfungo Mosi nasomesha darsa ya akina mama kila Jumanne. Tukafika Sura ya Yusufu. Unajua inavyopendwa. Nusu yao waliijua kwa utenzi kabla hawajaijua kwa msahafu, na hawataki kusikia kwamba Zulekha hatajwi jina ndani ya Qurani. Bi Tatu alifungua msahafu wake, akapekua ukurasa baada ya ukurasa, akaufunga taratibu, akasema miwani yake imeshakuwa mibovu.

Usiku mmoja nilikuwa najitayarisha, nasoma kwa sauti, Baba kajilaza kwenye kochi. Herufi hazioni tena, mtoto wa jicho kamfunga macho yote mawili, lakini msahafu wote anao kifuani. Nilipofika aya ya 93, pale Yusufu anapowaambia kaka zake waende na kanzu yake wamwekee baba yao usoni, nikasikia kwenye kochi: "Ya tatu hiyo."

"Ya tatu nini, Baba?"

"Kanzu. Ya kwanza ilisema uongo, ya pili ilisema kweli, hii inaponya." Akageukia ukutani, dakika mbili anakoroma.

Zuwena, mimi sikulala. Nimeisoma sura hii tangu tuko chuoni tunapigwa bakora za miguu, na sijawahi kuzihesabu kanzu! Ya kwanza aya ya 18, imepakwa damu ya uongo. Ya pili ile iliyochanwa kwa nyuma, aya ya 25 mpaka 28, ikamtoa Yusufu lawamani. Ya tatu ikamrudishia Yaakubu macho aya ya 96. Nikachukua daftari la mahesabu ya duka, nikapiga mstari katikati, nikaanza kuandika upande wa kushoto nikishuka na upande wa kulia nikipanda.

Kushoto: Yusufu anaota ndoto. Kaka zake wanamfanyia njama. Mke wa Azizi, huyo Zulekha wao, anamtamani. Wanawake wa mjini nao wanaingia. Anatiwa jela. Mfalme anaota. Hapo fundo limekaza mpaka mwisho. Halafu angalia linavyofunguka: ndoto ya mfalme inafasiriwa, jela inafunguka, wanawake wa mjini wanakiri, mke wa Azizi anakiri, kaka wanakiri, na aya ya 100 wazazi na kaka wote wanaporomoka kusujudu, na Yusufu anasema, baba yangu, hii ndiyo tafsiri ya ndoto yangu ya zamani. Lililofungwa mwisho limefunguliwa kwanza. Kama kusuka nywele na kufumua.

Na usidhani nimelazimisha. Chukua aya ya 51 peke yake. Kwenye njama, mke wa Azizi alitangulia (aya ya 23) na wanawake wakafuata (aya ya 30). Kwenye kukiri, mfalme anawauliza wanawake, wao ndio wanaojibu kwanza kwamba hawakujua ubaya wowote kwake, kisha ndipo mke wa Azizi anasema sasa haki imedhihirika. Zamu imegeuzwa ndani ya aya moja! Tena tazama ndoto ya mfalme ilivyokaa. Aya ya 42, yule mfungwa aliyeokoka anasahaulishwa na shetani kumtaja Yusufu. Aya ya 43 na 44, mfalme anaota na wakubwa wake wanashindwa. Aya ya 45, mfungwa yule yule anakumbuka. Kusahau huku, kukumbuka kule, na ndoto katikati kama maiti baina ya waombolezaji wawili. Mfano mbaya, lakini ilikuwa saa nane za usiku.

Na pembeni kabisa: aya ya 5 Yaakubu anamwonya mwanawe kuhusu shetani, aya ya 100 Yusufu anasema shetani ndiye aliyechochea baina yangu na ndugu zangu. Aya ya 6 anaahidiwa atafundishwa tafsiri ya mambo na inaishia na Mjuzi, Mwenye hekima. Aya ya 100 inaishia na majina hayo hayo mawili, na ya 101 Yusufu anashukuru kwamba amefundishwa tafsiri ya mambo. Ahadi na stakabadhi yake.

Unakumbuka laffu wa nashri kwenye balagha, ile elimu ya ufasaha? Ule mlango tuliousoma tunasinzia. Kutaja mambo mawili kisha kuyarudia moja moja kwa mpango, au kwa mpango uliogeuzwa. Mfano wetu ulikuwa Aali Imrani aya ya 106: siku zitakapong'ara nyuso na kusawijika nyuso, na mara wanaotangulia kuelezwa ni waliosawijika. Wewe ulijibu sawa kwenye mtihani na mimi nikakunakili. Sasa mimi nasema, kwa nini kinachokubalika kwenye aya moja kikataliwe kwenye sura nzima?

Basi Jumanne nikaenda nacho darsani. Sikutaka kuanza na Yusufu, nikaanza na Ayatul Kursiyyu kwa kuwa kila mmoja anayo. Nikavua kanga niliyojitanda nikaitandaza mkekani. Nikawaambia: hii ina pindo kuzunguka, ina mji katikati. Aya inaanza na majina mawili, Mwenye uhai, Msimamizi wa yote, na inaishia na majina mawili, Aliye juu, Mkuu. Hilo pindo. Ingia ndani: hasinzii wala halali, na upande wa pili, haumlemei ulinzi wa hivyo viwili. Ingia tena: vyake vilivyomo mbinguni na ardhini, na upande wa pili, Kursiyyu yake imeenea mbingu na ardhi. Tena: nani wa kuombea mbele yake ila kwa idhini yake, na huku hawajui chochote katika elimu yake ila apendacho. Kila upande na "ila" yake. Ukifika mjini, unakuta nini? Anajua yaliyo mbele yao na yaliyo nyuma yao. Mji wenyewe unakwambia tazama mbele na nyuma!

Palikuwa kimya. Mwanakombo, ambaye hajawahi kukaa kimya tangu azaliwe, akasema: "Miaka hamsini naisoma nikipanda kitandani, kumbe sijawahi kuiangalia." Baadaye wakaanza kubishana Sura ya Yusufu ingekuwa kanga ingeandikwa jina gani. Bi Tatu akataka "Subira njema". Mwanahawa akataka ile ya aya ya 21, Mwenyezi Mungu ni Mshindi katika jambo lake. Tukacheka sana. Nadhani kicheko ndicho kilichofika kwa Maalimu kabla ya darsa yenyewe.

Kabla sijafika kwake, nikuambie nilivyovimba na nilivyopasuka. Siku tatu nilitembea Barabara ya Kumi na Mbili kama niliyefunuliwa siri. Mtoto wa kaka yangu akaingia kwenye simu yake, dakika tano, akanionyesha: yuko msomi Mpakistani, Mustansir Mir, alishayaandika haya ya Sura ya Yusufu mwaka 1986, fundo kwa fundo. 1986! Mimi na wewe bado tunabebwa mgongoni. Kwanza niliona aibu, halafu nikafurahi, maana kama mtu wa mbali asiyenijua ameona nilichokiona, huenda kweli kipo.

Huenda. Hapo ndipo Maalimu aliponishika.

Usimfanye mjinga, Zuwena, mimi nilikosea hivyo kwa dakika kumi nzima. Hakusema bidaa, wala hakukasirika. Alisema: "Qurani imeteremka kwa miaka 23, aya hii kwa sababu hii, aya ile kwa sababu ile. Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam alishaonya kwamba kutafuta uhusiano ni jambo jema maneno yakiwa ya jambo moja, ama kuunganisha yaliyoshuka kwa sababu mbalimbali ni kujikalifisha. Na Shaukani wa Yemen alikuwa mkali kuliko yeye." Nikamjibu kwamba Sura ya Yusufu ni kisa kimoja toka mwanzo hadi mwisho, sharti la Sheikh Izzuddin limetimia. Akatikisa kichwa, akakubali hilo. Kisha akaniuliza habari ya Baqara.

Hapo nilitamani ardhi ipasuke. Mwanahawa alileta ule ujumbe unaozunguka kwenye simu, bila shaka hata wewe umeupata: Baqara ina aya 286, nusu yake 143, na aya ya 143 ndiyo inayosema "umma wa katikati". Nikawasomea darsani kwa furaha. Maalimu akasema kwa upole ule wake unaoumiza: "286 ni hesabu ya watu wa mji wa Kufa, kule Iraki. Watu wa Madina wanahesabu 285. Basra, 287. Je, katikati ya watu wa Madina si katikati?" Mimi kimya. "Na kama ni 286, katikati ni baina ya 143 na 144, au hesabu za duka hufanyi wewe?" Kahawa ikapoa mkononi.

Nikajitetea kwamba Yusufu haina mgogoro, aya 111 kwa wahesabuji wote, na aya ya 56 ina aya 55 mbele na 55 nyuma. Na ya 56 ndiyo inayosema, hivyo ndivyo tulivyompa Yusufu makazi katika nchi, maneno yaliyokwisha kutajwa aya ya 21 aliponunuliwa kama mtumwa. Akasikiliza. Akaniuliza: "Basi mji wa kanga yako ni aya ya 56 au ni ndoto ya mfalme kwenye 43?" Shoga, sikuwa na jibu. Kwa hesabu mji uko hapa, kwa kisa mji uko pale. Tena upande wa kufungua ni mrefu kuliko wa kufunga. Njama ya kaka, tangu wanapoanza kunong'ona, ni aya kumi na moja tu, na kuwaumbua na kuwasamehe ni zaidi ya thelathini. Kanga gani ina pindo moja pana hivi?

Halafu nikafanya kosa la kumwambia habari ya milango.

Ni hivi. Aya ya 23, mke wa Azizi anafunga milango. Aya ya 67, Yaakubu anawaambia wanawe wasiingie Misri kwa mlango mmoja, waingie kwa milango mbalimbali. Neno ni lile lile, abwaab. Huku imefungwa kwa shari, kule inafunguliwa kwa hadhari. Siku mbili nilizunguka na milango hii nikiitafutia pahali kwenye daftari, na haikai. Ukiiweka inaharibu mpango wa kukiri. Ukiitoa inakutazama. Maalimu alicheka, alicheka kweli mpaka akavua kofia, akasema: "Na bahari mbili zikikutana pale Ras Kazone utasema ni Sura ya Rahmani?"

Sasa usiku huu ndio naandika na swali moja linanirudia: naona au najishonea? Kanzu niliziona, au Baba alizishona nami nikazipiga pasi? Kila nikijiambia "hii ni ya kweli kwa sababu neno limerudi", milango nayo inasema, na mimi je?

Lakini kuna moja sikumwambia Maalimu, wala darsani sijalitoa. Kaka wanapotaka kumchukua Yusufu kwenda kucheza, wanasema nasi hakika tutamlinda, aya ya 12. Wanapotaka kumchukua mdogo wake, wanasema maneno hayo hayo, herufi kwa herufi, aya ya 63. Yaakubu anawauliza: niwaaminini kama nilivyowaamini kwa nduguye zamani? Halafu sikiliza. Aya ya 18 wanarudi na kanzu ya damu, wanadanganya, na Yaakubu anasema: bali nafsi zenu zimewapambia jambo, basi subira njema. Aya ya 83 anapelekewa habari kwamba mdogo kazuiliwa kwa wizi. Safari hii hawadanganyi, kikombe kweli kilitoka kwenye mzigo wake, hata kama hawajui nani alikitia. Na Yaakubu anawajibu neno kwa neno yale yale. Bali nafsi zenu zimewapambia jambo, basi subira njema. Waliosema uongo na waliosema kweli wamepewa jibu moja, kwa kuwa ni watu wale wale, na baba ni yule yule, na jeraha ni lile lile. Hapa, Zuwena, sina futi mkononi. Siku niliyoliona nililia jikoni, vitunguu vikasingiziwa.

Sasa ninachokuomba. Maalimu hakunifungia darsa. Kanipa mpaka Rajabu: "Niletee mmoja tu katika wa zamani aliyetembea njia hii, na maneno yake, si ya simu. Nitakaa mstari wa mbele." Wa zamani ninaowajua wa njia hii ni wawili. Burhanuddin al-Biqai, aliyefariki mwaka 885 wa Hijra, 1480 kwa hesabu ya hawa wengine, na kitabu chake Nadhmu Durar kimepita sura kwa sura kikitafuta aya na jirani yake. Na Suyuti, aliyefariki 911, anacho kijitabu kuhusu mianzo ya sura na miisho yake, jinsi mwisho unavyorudi kwenye mwanzo. Baba mkwe wako ana Nadhmu Durar, nilikiona mwenyewe kwenye picha za harusi ya Asya, kule nyuma ya bwana harusi, majuzuu ya kahawia yenye maandishi ya dhahabu. (Ndiyo, nilikuza picha. Kila mtu anaangalia anachokipenda harusini.) Nakuomba unitolee kopi ya Sura ya Yusufu yote, na ukikipata na kile cha Suyuti, kurasa za Yusufu tu. Sisemi kwamba Biqai aliona nilichokiona. Huenda hakuona fundo hata moja, huenda aliona milango. Nataka kujua alivyokuwa anatazama.

Tafsiri ya Sheikh Farsy ninayo hapa, usijisumbue. Ile yetu ya 1969, jalada limeachia lakini kurasa zote zimo.

Baba kaniita sasa hivi, kauliza naandika kwa nani. Nimemwambia. Kasema nikusalimie na nikuambie kwamba yeye kanzu ya Yusufu haihitaji, anahitaji daktari. Kambi ya macho inakuja mwezi ujao, in shaa Allah jina lake limeshaandikwa. Kapewa namba 40, na mimi, kwa maradhi niliyo nayo siku hizi, nikaanza kuhesabu waliopo mbele yake na nyuma yake.

Nijibu haya, tafadhali, na usijibu kwa waridi. Baba mkwe wako atakasirika nikitaka kopi, au nimwandikie mwenyewe kwa adabu? Huko Maskati kwenye darsa za Kiswahili kuna anayesomesha hivi? Na wewe milango ungeiweka wapi? Unadhani Maalimu atakaa kweli mstari wa mbele au ananipima? Kopi zitagharimu kiasi gani, nikupe kwa nani? Na hivi, Zuwena, ulinuna? Ni ile habari ya mnada wa nyumba ya bibi, au ni kazi tu na watoto? Ukinuna niambie tu, tulifungue kuanzia mwisho.

Mkwe wa Bi Tatu anarudi baada ya wiki tatu. Kopi mpe mkononi, zisije kwa simu, maana Maalimu hasomi kitu kwenye kioo. Kwenye mfuko kuna ubuyu wako na doti moja ya kanga.

Wako,
Salma